Msaada: kichujio cha matusi kinafuta mpaka Himalaya

MamaNeema
Habari zenu wapendwa. Nimeweka kichujio cha matusi kwenye kivinjari anachotumia mwanangu wa darasa la tano. Kwenye orodha, pamoja na matusi mengine, nikaingiza "malaya", maana kila ukishuka kwenye maoni ya watu limo. Jana anasoma jiografia, akaniita. Kwenye skrini: "milima ya Hi\*\*\*\*\*\*". Hata "kumaliza" limekuwa nyota nne na "liza" mwishoni. Akauliza, "Mama, kwani huu mlima una tusi gani?" Nilikosa jibu. Nirekebishe wapi bila kukizima?

Kipanya
Pole dada. Umeacha kwenye "sehemu ya neno", kwa hiyo kinasaka herufi zilizofuatana popote zilipo. Yaliwapata Waingereza mwaka 1996: wakazi wa mji wa Scunthorpe walishindwa kufungua akaunti AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu ya herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji wao. Fungua mipangilio, gusa neno lenyewe, chagua "linganisha kamili".

MamaNeema
Himalaya imerudi, ahsante! Ila sasa "mpumbavu" linafichwa, "wapumbavu" linapita.

Mwl_Zamu
Ndiyo, kwa sababu Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni: mpumbavu, wapumbavu, upumbavu, kipumbavu. Usiweke mpangilio mmoja kwa orodha nzima, amua neno kwa neno. Jiulize: je, herufi hizi zimo ndani ya neno jema? "Malaya" zimo, liache kwenye kamili. "Pumbavu" sijawahi kuziona ndani ya neno jema, basi andika "pumbavu" tu uliweke kwenye sehemu ya neno, litanasa ukoo wote. Kama kichujio chako kinakubali regex (kanuni fupi ya kusaka maneno kwa muundo wake), unaweza pia kuandika `\b(m|wa|u|ki)?pumbavu\b`. Hiyo `\b` ni mpaka wa neno.

Kipanya
Nyongeza muhimu: "neno zima" lisikuchanganye. Baadhi ya vichujio hutafuta kipande, kisha hufunika neno lote lililokibeba. Ukichagua hiyo, Himalaya yote itakuwa nyota.

MamaNeema
Nimeandika "pumbavu" kama Mwalimu alivyosema, wote wanne wamenaswa. "Kumaliza" nimelitengeneza pia, linasomeka. Limebaki "malayaaa", wanalivuta hivyo makusudi.

Mwl_Zamu
Tazama chini ya neno hilo kama kuna kisanduku cha "herufi zilizorudiwa". Kama kipo, kiwashe. Kama hakipo, regex: `\bmalaya+\b`.

MamaNeema
Kipo. Limekwisha. Mungu awabariki, narudi kumwita mtoto amalizie ramani yake.