Wimbo wa kumkumbuka marehemu mwalimu wetu wa udi: tuanzie wapi?

Langoni_Fidla
Asalaam aleikum. Kikundi chetu hapa Lamu chataka kumtungia wimbo mwalimu aliyetufunza kupiga udi (ala ya nyuzi), Mungu amrehemu. Tuna udi, fidla, dumbaki (ngoma ya mkono) na kinanda. Mwanzoni twataka usikike udi wake mwenyewe kutoka kaseti ya zamani. Mashairi yakaeje? Na mbona kinanda hakipatani na udi kila tukiingia Saba (mpangilio wa noti wa Kiarabu)?

Mtunzi_Mkomani
Waleikum salaam, poleni sana. Kwanza nendeni kwa wafiwa. Kama mjane yumo edani (miezi minne na siku kumi), msitangaze onyesho kabla ya kupata kauli yake kupitia jamaa zake. Aya na dua msizitilie ala, ziacheni kwenye hitma.

Beti tano za mishororo mitatu zatosha, mizani (silabi) nane kwa nane:

Mwalimu mwenye hekima, leo hatunaye tena
Alitufunza heshima, na sauti kupatana
Udi wake ulivuma, usiku hadi mchana

"Mchana" ni mizani tatu, m-cha-na. Mtunzi akihesabu mbili ataongeza neno, na mwimbaji atalazimika kulikimbiza. Beti zinazofuata zitaje alichofunza hasa: pigo lake, wimbo aliowaanzishia wanafunzi, baraza alilokaa. "Alikuwa mwema" yamfaa kila maiti. Kama hamna mtunzi, mwombeni malenga. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, aliimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany na hakupungukiwa na kitu.

Jozi_Tano
Ugomvi uko kwenye noti ya Mi. Saba ikianzia Re huenda Re, Mi iliyoshuka robo ya toni, Fa, Sol bemoli (iliyoshuka nusu toni), La. Udi hauna vizuizi shingoni na fidla pia hauna, kwa hiyo kidole huipata robo hiyo. Kinanda cha kawaida hutoa Mi kamili au Mi bemoli, na zote mbili zinakwaruza. Tafuteni ndani yake mpangilio wa skeli za Kiarabu, mshushe Mi senti 50 (ndiyo robo ya toni) katika oktava zote. Kisipokuwa nao, mpigaji aishike Re na La tu, Mi asiiguse kabisa, na kordi (noti kadhaa kwa pamoja) aziache.

Saba wimbo mzima humchosha msikilizaji. Fungueni kwa taksimu (utangulizi wa ala unaobuniwa papo hapo) ya Saba, dakika moja hivi, kisha ingieni Bayati ya Re, mpangilio mwingine wa noti, kwa beti. Re, Mi na Fa ni zile zile, inayobadilika ni Sol tu, basi hamtapanga tena kinanda jukwaani.

Kaseti_na_Waya
Msirekodi chochote kabla ya kaseti kuingia kompyuta. Safisheni kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, pelekeni utepe mbele hadi mwisho kisha urudisheni, ndipo mnakili. Redio za zamani hazizunguki kwa kasi moja, hivyo Re ya mwalimu yaweza kuangukia katikati ya noti mbili. Ipimeni kwa programu ya simu, rekebisheni kasi ya faili, ndipo mpange ala zenu. Mkirekodi kwanza, mtalazimika kuivuta sauti yake ifuate yenu, na udi ukivutwa sana hulia kama bati.

Lahani aliyoitunga mwenyewe bado ina haki. Sheria ya Kenya huilinda miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Andikianeni na warithi kwa karatasi, mtaje mgawo wa mapato, kabla ya kuupakia wimbo intaneti.

Langoni_Fidla
Ahsanteni. Je, dumbaki liingie kwenye taksimu?

Jozi_Tano
La. Taksimu haina mwendo wa kuhesabika. Dumbaki lisubiri ubeti wa kwanza.