Gundi ipi kwa kolaji za majarida: nyeupe, ya stiki au ya uji wa unga?

MamaKaratasi
Habari zenu wadau. Nina kaunta buku la kwaya mbili na rundo la majarida: Fema za zamani, katalogi za maduka, kalenda za mwaka juzi. Nakata picha na maneno, nabandika, kisha naandika ya moyoni pembeni. Natamani binti yangu aje azisome akiwa mtu mzima, kwa hiyo kudumu ni muhimu kwangu. Kati ya gundi hizi tatu ipi ni bora? Kurasa zangu zikikauka zinajikunja vibaya.

FundiJalada
Dada, mimi nafunga vitabu, na jibu langu ni gundi nyeupe ya mafundi seremala, bila kuizimua. Kinachokunja karatasi ni maji. Nyuzi zinayanywa, zinavimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo paka kidogo sana kwa brashi, nyuma ya kipande na si kwenye daftari, ukianza katikati kwenda pembeni. Laza kipande, kisha kikandamize kwa kadi ngumu kutoka katikati mpaka hewa yote itoke. Tandika karatasi ya kuokea keki juu yake, funga daftari, weka matofali mawili, liache hivyo mpaka asubuhi.

Jarida linalong'aa limepakwa udongo mweupe laini, kaolini, ndiyo maana halinywi maji haraka kama gazeti. Unapata nafasi ya kusogeza kipande kabla hakijashika.

ShangaziTanga
Fundi, nakuheshimu, lakini gundi nyeupe ikishakauka hubandui tena bila kuchana. Mimi ni wa uji wa unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka uwe mzito na uanze kung'aa, uchuje, uache upoe. Ukibadili mawazo, unalowanisha kwa kitambaa na kipande kinatoka salama. Hata wahifadhi wa nyaraka hutumia gundi ya wanga kwa sababu hiyohiyo.

Ubaya wake ni kwamba mende wanaupenda na unaota ukungu. Natia matone ya mafuta ya karafuu, na napika kidogokidogo kwa matumizi ya siku hiyo.

TichaSanaa
Darasani natumia ya stiki tu. Haina maji mengi, ukurasa unabaki umenyooka, na watoto hawachafui meza. Ila kwa daftari la kumwachia binti siishauri, maana kwenye karatasi inayong'aa pembe huanza kunyanyuka.

Dada, tafuta kazi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Amechanganya vipande vya majarida ya mitindo na michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, akaunda miili ya wanawake ambayo huwezi kuisahau. Nikiwaonyesha wanafunzi, wanaacha kubandika picha nzima nzima. Wanaanza kukata jicho hapa, kitambaa pale.

Kipande_Kwa_Kipande
Mbona hamgusi magazeti? Kwa wauza maandazi yapo ya kilo, bei rahisi kuliko jarida lolote.

FundiJalada
Gazeti lina lignini nyingi, yaani kile kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti, jua likilipiga linageuka manjano na kukatika. Kwa usuli wa ukurasa ni zuri sana, kwa maneno unayotaka yasomeke baada ya miaka ishirini hapana. Na Shangazi ana haki kuhusu kubandua, hilo silipingi.

MamaKaratasi
Asanteni sana. Basi uji kwa picha za familia, nyeupe kwa vipande vya majarida. Mawili bado: kalamu inateleza kwenye karatasi inayong'aa, na daftari limevimba halifungi.

ShangaziTanga
Sugua kidogo kwa msasa laini pale unapotaka kuandika, au paka rangi nyeupe ya ukutani, nyembamba, ikauke. Kalamu itashika.

FundiJalada
Kuhusu kuvimba: kila baada ya karatasi mbili, kata moja. Usikate mpaka kwenye uzi, acha kipande cha upana wa kidole gumba, la sivyo karatasi pacha yake upande wa pili italegea na kutoka. Fanya hivyo kabla ya kubandika chochote kwenye kurasa zilizobaki.