Mrejesho: regileta ya oksijeni iliyogoma kwenye mtungi

Habari wakuu, nimerudi na mrejesho wa ile regileta (kifaa cha kushusha presha ya gesi) niliyoletewa toka Marekani ikagoma kwenye mtungi wa oksijeni hapa karakana Mikindani, nikauliza kama fundi wa lezi (mashine ya kukereza chuma) anaweza kunichongea adapta ya kuviunganisha. Asanteni mno mlionizuia, hasa aliyesema nisome kwanza maandishi kwenye nati: kweli ni CGA 540, kiungo cha oksijeni cha Kimarekani, nati yake inavaa valvu kwa nje, wakati valvu ya mtungi wetu ina thredi za ndani, 5/8 BSP (kipimo cha thredi cha Kiingereza), sasa hapo vinakutana wapi? Nimeagiza Dar regileta yenye kiungo cha BS 341 namba 3, kipimo cha Kiingereza kinachoendana na valvu hiyo, imeingia kwa vidole mpaka mwisho, spana ikamalizia kidogo tu, bila tepu nyeupe wala tone la grisi, maana mafuta yakikutana na oksijeni ya presha ni moto.

Upande wa asetilini, gesi ya pili ya tochi ya kuchomelea, ndo bado. Nati zake zile zenye vikato pembeni, thredi za kushoto, kwenye mtungi zimekaa vizuri na povu la sabuni la kupima uvujaji limetulia, ila mpira unapoungana na tochi panatoa vipovu hata nikikaza. Hatuwashi mpaka mpira mpya ufike pamoja na vile vizuia moto kurudi nyuma mlivyonishauri.