Ruby: Niongeze methodi ndani ya Integer, au niunde klasi yangu ya uzito?

Swali, kutoka kwa Kibirizi_Programu (Kigoma)

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandika kwa lugha ya Ruby programu ya kutunza hesabu za kikundi cha wafanyabiashara wanaonunua bidhaa hapa mwaloni Kibirizi na kuzisafirisha kwa reli kwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Bidhaa zenyewe ni za namna tatu: dagaa wakavu, ambao hupimwa kwa kilo na kufungwa kwenye magunia, migebuka, ambao huuzwa kwa idadi, na mawese, ambayo huuzwa kwa dumu la lita 20.

Ruby haifungi klasi zake, yaani violezo ambavyo vitu vya programu huundwa kwavyo. Hata Integer, ambayo ni klasi ya namba kamili ya lugha yenyewe, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuiongezea methodi, yaani kazi inayoitwa kwa jina lake. Kwa hiyo, baada ya kuamua kwamba uzito wote utahifadhiwa kwa gramu, niliandika hivi:

```ruby
class Integer
  def kilo
    self * 1000
  end

  def gunia
    self * 40.kilo
  end
end

jumla = 3.gunia + 12.kilo
```

Mstari ule wa mwisho unanipendeza sana, kwa sababu hata mweka hazina wa kikundi, ambaye hajawahi kuandika programu, anaweza kuusoma na kuniambia kama nimekosea hesabu. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anapinga. Anasema kufungua klasi za lugha si desturi nzuri, lakini kila nikimwomba sababu ananirudishia maneno yale yale. Naomba sababu yenyewe, kama ipo.

Swali la pili linahusu urithi, yaani klasi moja kuchukua tabia za nyingine. Nimeunda klasi ya Bidhaa. Samaki anairithi Bidhaa. Dagaa na Mgebuka wanamrithi Samaki. Mawese yanairithi Bidhaa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba katika kukokotoa bei, Dagaa anafanana zaidi na Mawese, kwa kuwa vyote viwili vina kipimo kinachogawanyika, kuliko anavyofanana na ndugu yake Mgebuka. Ruby inaruhusu klasi kuwa na mzazi mmoja tu. Je, mti huu niupange vipi?

Jibu, kutoka kwa Unyanyembe_Msimbo (Tabora)

Ndugu wa Kibirizi, shukrani kwa swali lililoelezwa kwa mifano. Sababu ipo, tena zipo mbili, na ya pili ndiyo nzito zaidi.

Ya kwanza ni kwamba ukifungua Integer, umeifungua kwa programu nzima, pamoja na maktaba zote ulizozipakia (misimbo iliyoandikwa na wengine), ambazo waandishi wake hawajui kwamba upo. Hatari hii imewahi kutokea ndani ya Ruby yenyewe. Zamani lugha ilikuja na maktaba iliyoitwa mathn. Kwa kawaida, 1 / 2 katika Ruby ni 0, kwa kuwa namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili jibu nalo huwa namba kamili. Lakini faili moja tu ilipoipakia mathn, 1 / 2 ikageuka kuwa nusu katika kila pembe ya programu, hata ndani ya msimbo wa watu wengine uliotegemea jibu la 0. Maktaba hiyo iliondolewa katika toleo la 2.5, lililotoka Desemba 2017. Ni kweli kwamba wewe hujabadilisha methodi iliyokuwapo, umeongeza mpya tu. Lakini siku maktaba nyingine nayo ikiongeza `kilo` kwa maana yake, itakayopakiwa mwisho ndiyo itakayofuatwa, na Ruby haitakupa onyo ukiwa unaiendesha kwa mipangilio ya kawaida.

Sababu ya pili imo ndani ya methodi yako ya `gunia`. Yukihiro Matsumoto, aliyeitoa Ruby hadharani mwaka 1995, alichukua mengi kutoka Smalltalk, lugha iliyotengenezwa na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao pale Xerox PARC katika miaka ya 1970. Katika Smalltalk, na katika Ruby pia, kuita methodi ni kuipelekea objekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) ujumbe na kuiachia yenyewe iamue namna ya kujibu. Unapoandika `3 + 4`, unaipelekea 3 ujumbe wa `+` ukiambatana na 4. Sasa jiulize: unapoipelekea 3 ujumbe wa `gunia`, je, 3 ina habari za kutosha kujibu? Gunia la nini? Gunia la dagaa na gunia la maharage hayana uzito mmoja, na hapo sijagusa lumbesa. Namba 3 haijui inahesabu nini, ndiyo maana ulilazimika kuandika 40 ndani ya Integer, mahali ambapo mtu anayetafuta kanuni za biashara ya dagaa hatawahi kutazama.

Kuna jambo jingine linalotokana na hilo. Methodi yako inaanza na Integer na kurudisha Integer. Baada ya hapo hakuna tena tofauti kati ya gramu 12000, shilingi 12000 na mililita 12000. Ukijumlisha uzito wa dagaa na ujazo wa mawese, Ruby itakupa jibu bila kusita, na jibu hilo litaingia kwenye daftari la kikundi. Kwa hiyo mimi ningeunda klasi ndogo ya uzito. Tangu toleo la 3.2, la Desemba 2022, Ruby ina Data, ambayo hutengeneza objekti zisizobadilika baada ya kuundwa:

```ruby
Uzito = Data.define(:gramu) do
  include Comparable

  def <=>(mwingine)
    return nil unless mwingine.respond_to?(:gramu)
    gramu <=> mwingine.gramu
  end

  def +(mwingine)
    Uzito.new(gramu: gramu + mwingine.gramu)
  end
end
```

Tazama moduli ya Comparable, yaani fungu la methodi linaloingizwa ndani ya klasi, inavyofanya kazi. Wewe umeandika `<=>` peke yake, nayo inakupa `<`, `>`, `==`, `between?` na `clamp`. Na mtu akijaribu kujumlisha Uzito na Ujazo (klasi kama hiyo utakayoiunda kwa ajili ya mawese), programu itasimama papo hapo, kwa sababu Ujazo haujui ujumbe wa `gramu`. Kosa limejitokeza pale pale lilipofanyika, kabla halijafika kwenye malipo ya mtu.

Uamuzi wako wa kuhifadhi gramu kama namba kamili ni mzuri, usiuache. Ukitumia Float, yaani namba za desimali, 0.1 + 0.2 inakuwa 0.30000000000000004, na kwenye fedha za watu hilo halikubaliki.

Jibu, kutoka kwa Mwanga_Ujiji (Kigoma)

Ninaheshimu maelezo ya ndugu wa Unyanyembe, na klasi ya Uzito ninaiunga mkono kabisa. Hata hivyo, sikubali kwamba uzuri wa `12.kilo` uachwe hivi hivi. Matsumoto amesema mara nyingi kwamba aliiunda Ruby ili mwandishi wa programu afurahie kazi yake, na kuacha klasi wazi ni sehemu ya mpango huo. Python ilichagua njia nyingine: ukijaribu kuongeza methodi kwenye `int` unakataliwa papo hapo. Ruby ingeweza kufanya vivyo hivyo, lakini ikaamua kumwamini mwandishi. Rails, zana ya Ruby ya kuundia programu za mtandaoni, iliyotolewa mwaka 2004, ilijengwa juu ya imani hiyo: ndani yake unaandika `3.days` au `2.hours`, na maelfu ya programu duniani zinaendeshwa hivyo. Mweka hazina anayeweza kusoma msimbo unaohusu fedha za kikundi chake ni faida kubwa, nami singependa aipoteze kwa ajili ya hofu ya maktaba ambayo huenda isije.

Kinachotakiwa ni kuuwekea mpaka upana wa mabadiliko, na lugha imeshatoa njia. Tangu toleo la 2.0, la mwaka 2013, tunayo `refine`:

```ruby
module VipimoVyaMwalo
  refine Integer do
    def kilo
      Uzito.new(gramu: self * 1000)
    end
  end
end
```

Katika faili la hesabu za mwalo unaandika `using VipimoVyaMwalo`, na kuanzia mstari huo hadi mwisho wa faili, `12.kilo` inafanya kazi na inarudisha Uzito. Nje ya faili hilo Integer haijaguswa, na anayeita `kilo` kule atapata NoMethodError, yaani kosa la kuita methodi isiyokuwapo. Kuhusu `gunia` ninakubaliana na aliyenitangulia: hiyo iondoke kwenye namba, ikae kwenye bidhaa, kwa kuwa Dagaa ndiye anayejua gunia lake lina kilo ngapi.

Jibu, kutoka kwa Unyanyembe_Msimbo (Tabora)

Dada wa Ujiji, kwa `refine` umenishawishi, maana imeondoa hofu yangu ya kwanza, na methodi yako inarudisha Uzito badala ya namba tupu, hivyo imeondoa na ya pili. Nitashikilia jambo moja tu: hofu ya migongano ya majina si ya kufikirika. Mwaka 2018, wasimamizi wa JavaScript walitaka kuongeza kwenye safu (orodha ya vitu) methodi iitwayo `flatten`, ikagundulika kwamba maktaba ya zamani ya MooTools ilikuwa imekwisha kujiongezea methodi ya jina hilo hilo, na tovuti zilizokuwa bado zinaitumia zingeharibika. Methodi ikaingia katika toleo la mwaka 2019 kwa jina la `flat`. Lugha nzima ilibadilisha jina kwa sababu watu walifungua klasi ambazo si zao.

Jibu, kutoka kwa Asali_Sikonge (Tabora)

Ndugu zangu, niruhusuni nishughulikie swali la pili, kwa kuwa limeguswa kidogo tu na mimi nimeishi nalo muda mrefu katika programu ya wafugaji nyuki.

Jibu ambalo wengi wangelitoa ni moduli. Klasi ya Ruby ina mzazi mmoja, lakini inaweza kuingiza moduli nyingi kadiri inavyotaka. Kwa hiyo ungeunda moduli ya KwaUzito, nyingine ya KwaUjazo na nyingine ya KwaIdadi, kisha Dagaa aingize ya kwanza, Mawese ya pili na Mgebuka ya tatu. Mti wa ukoo unabaki, na tabia ya kupima inatoka pembeni. Njia hiyo ni halali na ni bora kuliko kuulazimisha mti ueleze mambo mawili kwa pamoja, yaani asili ya bidhaa na namna inavyouzwa.

Lakini nakuomba usiishie hapo, na asali itaonyesha kwa nini. Mnunuzi mkubwa anayekuja Sikonge hununua asali kwa kilo; jirani hununua kwa lita. Bidhaa ni ile ile, pengine kutoka pipa lile lile, ila kipimo kimebadilika kulingana na mauzo. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo anayechanganya vipimo hivyo viwili anampunja mtu karibu theluthi moja ya haki yake. Ikiwa kipimo kimefungwa kwenye klasi ya Asali kwa njia ya moduli, hakuna mahali pa kuandika kwamba leo tumeuza kwa lita. Na mawese yako yatakuletea jambo hilo hilo: siku mnunuzi wa Dar es Salaam atakapotaka kulipa kwa kilo, dumu la lita 20 litakuwa na kama kilo 18, wala si 20.

Kwa hiyo kipimo ni mali ya mauzo. Unda klasi ya Mauzo yenye bidhaa, kipimo na bei ya kipimo kimoja. Kipimo kinaweza kuwa Uzito, Ujazo au Idadi, na Mauzo hayana haja ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo. Yanakipelekea tu ujumbe wa `thamani_kwa(bei)` na kila kipimo kinajibu kwa namna yake. Uzito utazidisha gramu kwa bei kwanza kisha kugawanya kwa 1000, Idadi itazidisha moja kwa moja. Vipimo hivyo vitatu havihitaji mzazi wa pamoja, kwa sababu Ruby hutazama kama objekti inaujua ujumbe, haijali imetoka ukoo gani. Ukifika hapo utaona kwamba klasi ya Samaki haina tena methodi hata moja ya kufanya, na unaweza kuifuta.

Kibirizi_Programu (Kigoma)

Nawashukuru nyote. Nimeihamisha `gunia` kwenda Dagaa, nimeandika Mauzo kama alivyoelekeza ndugu wa Sikonge, na `12.kilo` imebaki kwa njia ya `refine`, hivyo mweka hazina bado anausoma mstari wake. Limebaki jambo moja. Nina safu ya uzito wa mizigo ya siku nzima, na nikiandika `mizigo.sum` ninapata TypeError inayosema kwamba Uzito hauwezi kugeuzwa kuwa Integer. Mbona hakuna Integer yoyote katika safu hiyo?

Unyanyembe_Msimbo (Tabora)

Ipo moja, nayo imeletwa na `sum` yenyewe. Methodi hiyo huanza kujumlisha kutoka 0, kwa hiyo hatua ya kwanza ni `0 + uzito`, na anayepokea ujumbe wa `+` hapo ni 0, ambayo haijui gramu ni nini. Ipe mwanzo unaofaa:

```ruby
mizigo.sum(Uzito.new(gramu: 0))
```

Inawezekana pia kuandika methodi ya `coerce` ndani ya Uzito, ambayo Integer huiita inapokutana na objekti isiyoifahamu, lakini kwa kujumlisha singekushauri, kwa sababu ungekuwa umeruhusu `5 + uzito` kupita tena bila mtu kueleza 5 hiyo ni ya nini. Na kwa kuwa ulishapata `12.kilo`, ndani ya faili lile lenye `using` unaweza kuandika `mizigo.sum(0.kilo)`, na mweka hazina naye ataielewa.