Tupeane uzoefu: kisanduku cha umeme cha jenereta unakipimaje kabla ya kununua AVR?

Nakuru, mwanzisha mada
Mafundi wenzangu, tukusanye hapa njia za kupima kile kisanduku chenye soketi, brekaa, mita ya volti na pengine AVR (kifaa kinachodhibiti volti za jenereta). Injini inanguruma vizuri, stima hakuna, na mteja anaambiwa "AVR imekufa" kabla kifuniko hakijafunguliwa. Hiyo ni pesa ya kinyozi au ya mtu wa kuangulia vifaranga inayopotea bure.

Zima injini, chomoa kofia ya plagi ya injini, toa terminali hasi ya betri kama ipo. Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa hata mmoja. Kisha tumia macho na pua. Soketi iliyogeuka kahawia kwenye tundu moja tu inakuonyesha skrubu iliyolegea upande huo. Mzigo uliozidi huchoma pande zote, kwa sababu mkondo ni ule ule unaoingia na kutoka. Vuta kila waya kwa vidole, maana mtetemo wa injini hulegeza skrubu bila kukoma.

Dunga, Kisumu
Naongezea kuhusu brekaa, mkuu. Chomoa nyaya za upande mmoja ndipo upime, la sivyo mita itasoma kupitia waya za stata (koili zisizozunguka zinazotoa umeme) na kukudanganya. Ikiwa ON isome karibu na omu sifuri, ikiwa OFF isisome kitu. Pima kila nguzo, yaani kila njia ya waya ndani ya brekaa, peke yake.

Lakini brekaa inaweza kupita kipimo hicho na bado iwe mbovu. Rudisha nyaya, washa jenereta, weka mzigo kama pasi, halafu weka ncha za mita kwenye skrubu ya kuingilia na ya kutokea ya nguzo ile ile. Hapo unatafuta makumi ya milivolti tu. Ukipata nusu volti kwa ampea 10, ni wati 5 za joto ndani ya kidude kidogo vile. Itaanguka mchana wa jua na kila mtu atalaumu mzigo. Huku kando ya ziwa pia angalia kutu ya kijani kwenye shaba, na wale wadudu wa ziwani wanaorundikana ndani wakifuata taa. Safisha kwa brashi kavu, usitie maji.

Kakamega
Sasa AVR. Ichomoe, washa injini, pima kwenye soketi. Volti 2 hadi 5 ni sumaku iliyobaki kwenye rota (koili inayozunguka), ni dalili njema. Ikiwa chini ya volti 1, sumaku imepotea, jambo la kawaida kwa jenereta iliyokaa miezi bila kuwashwa.

Zima. Pima kati ya brashi mbili za kaboni: rota ya mashine ndogo mara nyingi husoma makumi ya omu. Isiposoma kitu, usikimbilie kusema rota imekatika. Toa brashi, weka ncha za mita kwenye pete zenyewe za rota, zile zinazosuguana na brashi. Mara nyingi brashi imekwama au imeisha, au pete imeshika weusi. Isugue kwa msasa laini sana.

Pete zikisoma sawa, AVR ikiwa bado nje, washa injini na upeleke volti 12 za betri kwenye brashi kwa sekunde chache, chanya kwa chanya. Volti zikipanda hadi makumi mengi au kupita 100, rota na waya kuu za stata ni nzima. Hapo sasa nunua AVR.

Kisii
Wakuu, kabla ya kugusa skrubu ya AVR pimeni mwendo. Rota ya nguzo mbili za sumaku hutoa Hz 50 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Bila mzigo iwe Hz 51 au 52 hivi. Injini ikiwa imechoka na Hz 46, ukipandisha volti kwa skrubu unailazimisha AVR kusukuma mkondo zaidi kwenye rota. Taa zitawaka vizuri, rota itaungua. Rekebisha gavana, kidhibiti mwendo cha injini, kwanza.

Bungoma
Jenereta ndogo nyingi zisizo na brashi hutumia kapasita badala ya AVR. Itoe chaji kwa balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, si kwa bisibisi. Chomoa waya mmoja, pima maikrofaradi, linganisha na maandishi ya ubavuni. Ikishuka sana, volti nazo hushuka. Na anayetumia mega (kipimo cha uzima wa insulesheni ya waya) ya volti 500 achomoe AVR, dayodi na mita ya dijitali kwanza, ataziua. Kati ya waya za stata na bodi (fremu ya chuma ya jenereta) inatakiwa megaomu 1 au zaidi. Ikiwa chini baada ya mvua, kausha kwa jua au balbu ndipo upime tena.

Kisumu, Kondele
Swali: testa ya bisibisi inawaka kwenye matundu yote mawili. Ni shoti?

Nakuru, mwanzisha mada
Si lazima, ndugu. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na bodi, kwa hiyo mita hukusomea karibu volti 120 kutoka kila tundu hadi bodi, na 240 kati ya matundu. Upande mmoja ukisoma 0 na mwingine 240, angalia: ama nyutro imeungwa kwa makusudi, ama waya umechubuka na kugusa bati. Fuata waya wa upande unaosoma 0 hadi kwenye pembe za kisanduku, hapo ndipo hukatwa.