Naomba ushauri: mama mwenye nyumba Salamanca hataki kunisainia

Wakuu habari, niko Salamanca, Hispania, nimekuja kusoma na chuo kimenipangia kwa familia. Mama wa hapa mkarimu balaa, ila msosi wa mchana ni saa 9 alasiri, wa usiku saa 4, na nikimwambia mi Muislamu sili nguruwe ananikatia jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) eti hiyo nyepesi tu 😂. Hilo nitalimudu.

Ishu ni kadi ya ukaazi, TIE, inatakiwa niiombe ndani ya mwezi 1 tangu niingie, na nimeambiwa nipeleke cheti cha manispaa kuonyesha naishi wapi, sasa kila nikimgusia asaini kuwa naishi kwake ili nikipate anasema wiki ijayo. Mliopita huku, nimkumbushe vipi asione namkosea adabu? Au chuo kiongee naye?