Naomba ushauri: kipimo cha wingi wa HBsAg kwa mwenye homa ya ini B

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mdogo wangu wa kiume yuko Mwanza, ana homa ya ini B sugu, anameza tenofovir 300 mg kila usiku na haruki dozi maana mama mwenyewe ndo anamsimamia. ALT (kipimo cha damu kinachoonyesha ini linaumia kiasi gani) mwanzoni ilikuwa juu sana sasa hivi imeshuka iko kawaida, wingi wa virusi nao majibu ya mwisho yanasema havionekani, dogo akajua kapona, kumbe akipimwa kile kipimo cha haraka, HBsAg (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B) bado inasoma positivu, mistari miwili ileile kama siku ya kwanza. Kakata tamaa anataka aache dawa, na hapo ndo naogopa kwa sababu ukiacha kiholela virusi vinaweza kurudi kwa nguvu vikaumiza ini vibaya.

Dokta anasema dawa inafanya kazi, inazuia virusi visizaliane ila having'oki vyote kwenye ini. Sasa kuna mtu kaniambia kuna kipimo cha damu kinatoa namba kabisa ya HBsAg, sio ndiyo au hapana tu, na ikishuka chini ya 100 IU/ml matumaini ya kuipoteza kabisa yanaongezeka. Maabara tulizouliza huku hawana.

Naomba kujua, kwa mtu ambaye virusi tayari havionekani hiyo namba itabadilisha chochote kwenye matibabu yake au tutachoma hela tu? Na aliyewahi kupima hapa Tanzania, alipimia wapi na bei ikoje? HBeAg yake (protini nyingine ya kirusi hicho) ni hasi tangu mwanzo, kama itasaidia kunijibu.